Chujio Nyuma ya Droo

Jumamosi saa nne asubuhi, katika gereji mjini Machakos, fundi wangu wa siku zote aling'oa droo ya dashibodi, akatoa chujio la hewa inayoingia ndani ya gari, lililoziba kwa vumbi jekundu.

"Ulikuwa ukiniambia unalibadilisha," nikasema.

"Mzee, hapa mkono haifiki. Nilikuwa napuliza tu."

"Na leo umefikaje?"

"Si leo mnunuzi anakuja kuangalia gari?"

Mke wangu alikuwa na pumu. Kila tulipokwenda Katelembo kwa barabara ya vumbi nilifunga madirisha yote ili asivute vumbi. Kumbe nilikuwa nikimfungia nalo ndani.

Fundi alijifuta mikono. Kwa mnunuzi mkono hufika.

Ee Bwana, mpumzishe mke wangu mahali pasipo na vumbi. Amina.