Kaburi Chini ya Dirisha

Nyumba ya dada yangu niliijenga mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiona ufa humtazama fundi, na mimi sipendi kutazamwa hivyo. Msingi wa mawe, tofali za kuchoma, udongo wa kujengea niliouchagua mwenyewe, na saruji nikaipitisha kwenye viungo vya nje tu, kama wengi tunavyojenga kule Kibondo. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini nina nyumba zimesimama kuanzia Kitahana hadi Kasulu ninakoishi, na hakuna hata moja iliyowahi kuniaibisha. Ya dada nayo ingesimama nzima hadi leo, kama kusingekuwa na msiba.

Aliyekufa ni mume wake, shemeji yangu. Alikufa katikati ya kiangazi, wakati ambao vumbi jekundu limepanda hadi kwenye majani ya migomba na ardhi ukiipiga jembe inalia kama sufuria. Mimi nilikuwa na kazi Kigoma mjini. Habari ilinifikia, gari halikunifikia. Nilipofika Kitahana walikuwa wameshamzika jana yake, na watu wamekaa matangani kwenye mikeka.

Makaburi ya ukoo ule yako chini, nyuma ya migomba. Vijana walikwenda huko na sululu, ikawa inadunda. Dada naye alikuwa ameshasema anataka mumewe alale karibu, chini ya dirisha la chumba chao. Wakajaribu pale, ardhi ikawakubali. Wakafurahi, wakachimba haraka, wakamaliza kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ardhi iwe jiwe kila mahali halafu iwe laini ukutani.

Mimi nilijua. Pale ndipo shemeji mwenyewe, miaka iliyopita, alipochimba udongo wa kukandika jiko. Nilimgombeza siku ile ile, akalifukia shimo kwa majivu na maganda ya maharage, kwa uvivu wake. Alikuwa mtu mzuri ila mvivu, kufa kwake hakubadilishi hilo. Sasa vijana walikuwa wamelifungua tena shimo lake na kulishusha chini kuliko msingi wangu, mkono mmoja tu kutoka kwenye kona ya nyumba.

Niliyasema palepale matangani. Nikasema, "Jamani, hapa hamkuchimba kaburi, mmeuchimbua msingi wa nyumba."

Mzee mmoja wa ukoo wa marehemu akanitazama juu hadi chini. "Sasa fundi, unataka tumfukue? Au unataka tumwombe asogee kidogo?"

Wengine wakacheka, hata msibani watu hucheka. Nikakaa chini. Ukishaambiwa hivyo mbele ya mfiwa unasema nini tena?

Mvua zikaja. Maji ya bati yakawa yanamwagikia palepale, udongo ukatitia. Kikaja kiangazi kingine, udongo ukakauka na kujikunja, kona ikakosa pa kukanyagia. Siku moja mtoto wa dada, ambaye ana biashara ya mahindi na maharage hapa Kasulu, akaja kwangu amekunja uso.

"Mjomba, nyumba ya mama inafunguka."

"Inafungukaje?"

"Ukiwa kitandani unaona nje."

Alikuwa ameshamwandalia mama yake chumba kwake, na kitanda kipya, na kila kitu. Mama hakutaka kusikia. Mwishowe wakakubaliana jambo moja, nami sikuulizwa kama nalitaka: mjomba aende akaangalie. Akisema nyumba inasimama, mama anabaki. Akisema inaanguka, mama anahamia Kasulu bila kubishana. Wakanitwisha mzigo wao wote kichwani.

Nilikwenda. Niliingiza kiganja kwenye ule ufa, kikapita na kidole gumba chake. Ukuta mzima wa chumba cha kulala ulikuwa umeachana na nyumba, umeinamia kaburi kama mtu anayechungulia kisimani. Dirisha lilikuwa limekaa upande, halifungi. Dada alikuwa ameliziba kwa kanga.

Nilikwenda na mwenzangu mmoja tuliyezoea kujenga pamoja. Wazazi wake walitoka Burundi kama wakimbizi, yeye sasa ni raia kama mimi na ana shamba lake hapo Kitahana. Alizunguka kaburi, akapiga mluzi.

"Nyie Waha," akasema, "mnazika mtu kama mnapanda muhogo. Palipolainika, hapohapo."

"Na wewe karatasi ya uraia ilisema nini? Si uliambiwa sasa wewe ni mwenzetu?"

"Iliniambia nipige kura. Haikuniambia nichimbe kaburi ukutani."

Dada alitokea jikoni na ugali wa muhogo, tukanawa mikono. Alitutazama tukila, kisha akaniuliza bila kuzunguka, maana sisi kwetu wote ni watu wa kusema: "Mdogo wangu, nabaki au naondoka?"

Nikamwambia ukweli. Kona ile haitibiki. Kuitibu ni kuchimba chini yake na kuweka mawe, na chini yake yupo mumewe. Hakuna fundi atakayefanya hivyo, na akiwepo mimi nitamfukuza.

Akaanza kukusanya vyombo. Halafu akasema, "Kwa hiyo mume wangu ananifukuza kwangu?"

"Hakufukuzi. Shimo ndilo linalokufukuza."

"Shimo na yeye sasa hivi si kitu kimoja?"

Nikamwambia kilichobaki. Tubomoe chumba kile chote, tujenge ukuta mpya kwa ndani, mbali na kaburi, penye ardhi ngumu. Nyumba itakuwa ndogo, sebule ndiyo igeuke chumba chake, lakini itasimama na atabaki. Hilo akalikubali haraka mno, nikaona hakusikia neno kubomoa, alisikia neno kubaki.

Kujenga kiangazi ni kazi ya laana. Tofali kavu linanywa maji ya udongo kabla hujaondoa mwiko, kiungo kinabaki unga. Kwa hiyo kila tofali lazima lilowe kwanza. Maji yenyewe yalikuwa bondeni, chemchemi imebaki kamba nyembamba, wanawake wamepanga madumu tangu alfajiri na kila mmoja anamwangalia mwenzake. Tulipakia madumu kwenye baiskeli na kupanda nayo mlima. Tulijenga asubuhi, jua likiwa kali tukaacha, tukarudi alasiri. Ukuta tuliufunika magunia mabichi na majani ya migomba. Dada alikuwa akiyamwagia maji kwa kopo, taratibu, kama anayemwogesha mgonjwa. Maji ya kunywa alijinyima, ukuta hakuunyima.

Siku tuliyobomoa chumba alikwenda kwa jirani. Aliporudi akakuta kitanda chake kiko sebuleni, na pale kilipokuwa ni sakafu tupu inayopigwa na jua, na kaburi sasa liko uwanjani. Alichukua ufagio akaifagia ile sakafu, ingawa haikuwa tena na chumba.

Ukuta ulipofika kiunoni ndipo akaja kwangu na neno lake.

"Dirisha unaliweka wapi?"

"Hapa hakuna dirisha."

"Mdogo wangu, mimi kila nikiamka nafungua dirisha namwona. Namwambia kumekucha. Unajua hivyo."

Nilijua. Lakini ukuta ule ni mfupi, na katikati yake ndipo boriti kubwa ya paa inapokaa. Ukiutoboa pale unahitaji linta ya zege juu ya dirisha, yenye nondo, na zege linataka kunyweshwa maji siku nyingi mfululizo. Maji hayo hayakuwepo bondeni wala mbinguni. Zege lisilonyweshwa kiangazi linapasuka lenyewe, halafu boriti inashuka na paa juu yake, na chini ya paa amelala dada yangu.

"Tusubiri mvua," akasema.

"Nyumba ikae wazi hadi mvua? Wewe ulale wapi?"

"Basi kadogo. Kadirisha kadogo tu. Ka kupitisha uso."

Mwenzangu akaingilia, maana moyo wake ni laini. "Mzee, tupitishe kipande cha mti mgumu juu, tumwachie kijitundu. Tutakuja kubadilisha mvua zikianza."

"Mti mchwa wataula."

"Kabla ya mvua?"

"Nimesema hapana. Ukuta huu ni wangu."

"Wako?" dada akasema. "Mimi nilidhani ni wangu."

Aliondoka akaenda kumwagia magunia maji. Mimi nikapandisha ukuta. Niliupima kwa timazi kila mara, ukanyooka kuliko kuta zote nilizowahi kujenga, na mwenzangu hakunitania tena mpaka tulipomaliza. Siwezi kujenga kitu ninachojua kitaanguka. Mtu mwingine angeweza. Nilipotoka nilimwambia dada, "Ukitaka kumwona, mlango si upo? Toka nje ukamwone."

Akanijibu, "Nje huenda wageni. Mimi ni mke wake."

Alikaa mle kiangazi chote kilichobaki. Nilipopita alinipikia, alinisalimia vizuri, na kuhusu ukuta hakusema tena. Jirani ndiye aliyeniambia kwamba asubuhi dada husimama ndani, ameuelekea ule ukuta mtupu, kisha huenda jikoni. Nilimjibu jirani ashughulike na mambo ya nyumbani kwake.

Mvua zilipoanza nilikuwa najiandaa kwenda kuitazama kona mpya. Kabla sijapanda gari, mpwa wangu akaja.

"Mjomba, mama amekuja."

"Amekuja kutembea?"

"Amekuja na vyombo."

Nilikwenda nikamkuta ameketi kwenye kile kitanda kipya, mkeka wake na masufuria chini, bado yamefungwa. Mpwa alikuwa anaona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda na hakutaka kushinda hivyo.

"Mjomba, si ulisema inasimama?"

"Inasimama."

"Sasa?"

"Muulize mwenye nyumba."

Dada hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema, "Inasimama, mwanangu, mjomba wako hakudanganya. Umeifanya kazi vizuri, mdogo wangu. Lakini umeniweka upande ambao yeye hayupo. Kama ni kukaa mbali naye, basi hata Kasulu ni mbali tu, na huku kuna wajukuu."

Nikamwambia sasa mvua imenyesha, maji yapo, linta inawezekana. Nitakwenda wiki ile ile, nitoboe, niweke dirisha zuri la mbao.

"Uliyoyasema kiangazi niliyasikia," akasema. "Sitaki tena kulala nikiwaza paa litashuka au halitashuka. Uliniingiza hofu hiyo wewe mwenyewe. Acha ukuta wako ukae."

Sikumbembeleza. Labda mtu mwingine angebembeleza. Mimi niliinuka nikaenda zangu.

Hadi leo nikipata gari la kwenda Kibondo nashuka Kitahana. Majani yameota juu ya kaburi, nayaondoa kwa mkono. Ukuta nauzunguka, naweka timazi, uzi unalala juu ya tofali kama umegandishwa. Hakuna ufa, hata wa unywele. Waliokuwa wakinicheka msibani wakipita huwa nawaita waje waone, nao huja, husema kweli fundi, huondoka.

Kisha naingia ndani. Nyumba isiyowashwa moto haina moshi, na moshi ndio unaofukuza wadudu kwenye miti ya paa. Siku hizi nikifungua mlango nakuta unga wa mti umeshuka sakafuni, mweupe, laini, chini ya ile boriti kubwa. Naufagia. Nikirudi nakuta mwingine. Ukuta uko pale, umenyooka, umebeba kitu kinacholiwa taratibu, na hakuna anayelala chini yake.