Pedi, Kibodi na Bibi Winchi

Kwa miaka ishirini na saba alikaa angani juu ya winchi, ndani ya kijumba cha vioo kisichozidi bafu kwa upana, akinyanyua makontena kutoka kwenye malori na kuyalaza juu ya mabehewa ya treni. Huko chini wanaume wenye kofia za manjano walionekana kama siafu, na kutwa nzima walimpungia mikono: shusha, nyanyua, ngoja, sogea kidogo. Sasa magoti yamegoma kupanda hata ngazi mbili za mlangoni, na winchi yenyewe ilishakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu, lakini mtaa mzima bado unamwita Bibi Winchi. Ukimwita Bibi ataitika. Ukimwita Bibi Winchi ataitika na kukusogezea kiti.

Alikuwa akiishi na wajukuu zake wawili, watu wazima wenye kazi zao. Wa kiume alikuwa nesi wa wodi ya watoto, na nyumbani pia aliitwa Nesi. Wa kike alikuwa fundi wa kompyuta, akaitwa Fundi. Bibi, kwa utani wa bibi na wajukuu, alimwita Nesi "mume wangu" na Fundi "mke mwenzangu", na siku wakimuudhi alitishia kuwapa talaka wote wawili kwa mpigo.

Sebule yao ilikuwa ndogo, ikabanwa zaidi na vitu vitatu ambavyo hakuna aliyekubali viguswe. Cha kwanza kilikuwa kabati la vyombo la Bibi, lenye glasi za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzinywea. Cha pili, mashine ya gemu ya Nesi chini ya TV: sanduku jeusi, jembamba, lililofungwa pande zote kama limekula kiapo cha kutosema lililomo tumboni. Cha tatu, kompyuta ya Fundi. Hiyo aliiunda mwenyewe kwa miezi minane, kipande baada ya kipande, na ubavu wake mmoja ulikuwa wa kioo, ukionyesha feni zinavyozunguka ndani na nyaya zilivyolazwa kwa ustadi kama nywele zilizosukwa.

Ubishi wa vitu hivyo viwili ulikuwa mboga ya kila siku mezani. Nesi alisema yeye akitoka zamu miguu inawaka moto, anataka akae, abonyeze, acheze. Hana haja na mashine inayomuuliza maswali. Fundi alisema hicho cha kaka yake ni kitu kisichofunguka: kikizeeka unakitupa, wakati yeye akitaka nguvu zaidi anaongeza kipande, na kipande kikiharibika anajua kilipokaa.

"Ndiyo hapo sasa," Nesi alimjibu. "Yako kila mtu akitaka kucheza, kwanza aifanyie upasuaji kama mgonjwa."

Jumamosi moja mchana ubishi ulipozidi, wakakubaliana jambo moja: Bibi ataamua. Atacheza ya huyu, atacheza ya yule, na mashine itakayoshindwa itatoka sebuleni. Walidhani atakataa. Bibi akaketi akajinyoosha mgongo, akasema waandae uwanja.

Hakuwaambia kwamba siku nyingi alikuwa akiwachungulia kwa jicho la pembeni akijifanya anachambua mchele. Alitaka kujua. Kwa nini Nesi akicheza anaegemea nyuma kama bwana harusi, na Fundi akicheza anainama mbele kama mtu anayetoa mwiba? Kwa nini yule anashika kitu kimoja kwa mikono miwili, na huyu kila mkono una kazi yake?

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua tangu mumewe afariki. Bibi Winchi hakujua kusoma. Alijua jina lake, alijua namba, na alijua maneno matatu yaliyoandikwa kwenye winchi: HATARI, SIMAMA na ZIMA. Mengine yote aliyafanya kwa mkono na jicho, na hakuna hata siku moja aliyoangusha mzigo. Ikija karatasi ya kusoma, miwani ilikuwa imepotea. Katika mtaa ule hakuna miwani iliyowahi kupotea mara nyingi kama ile.

Walianza na ya Nesi. Alimpa pedi, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, naye akashika ya pili, na kwenye TV yakatokea magari ya mashindano. Bibi hakulitazama gari. Aliigeuza pedi, akaipima uzito, akagusa vijiti viwili vilivyokaa sawia chini ya vidole gumba, akasita. Vilikuwa kama vishikio vyake vya zamani vilivyotiwa maji vikanywea. Na vitufe havikuwa na neno lolote, rangi tu. Cha kijani ni mwendo, Nesi alimweleza, chekundu ni breki.

Mzunguko wa kwanza aliingia mtaroni. Wa pili akaugusa ukuta kidogo. Wa tatu akampita Nesi kwenye kona ya mwisho, taratibu, bila papara, kama mtu anayepita kwenda sokoni.

"Mume wangu," alisema, "unashika breki kama unamdunga mtoto sindano."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamsogezea kiti mbele ya kompyuta, na hapo Bibi aliona Fundi ana haya kidogo, haya ya mtu anayetoa zawadi. Wiki tatu alikuwa ameitafuta gemu ile. Kioo cha skrini kikawaka, na hapo ikatokea yadi ya makontena, yenye reli, malori na mvua nyepesi, na katikati imesimama winchi.

Hata kutu ya ngazi ilikuwepo. Bibi alikaribia kioo, akatafuta kijumba chake kule juu, akakiona.

Kisha maneno yakatokea upande wa chini wa kioo.

"Bonyeza W, Bibi, uende mbele. Ukitaka kunyanyua, bonyeza E," alisema Fundi.

Bibi alitazama chini, kwenye kibodi. Herufi zilikuwa zimejipanga safu kwa safu, zikimkodolea macho kama watu kwenye mkutano wanaosubiri useme. Alibonyeza moja, winchi ikarudi nyuma. Alibonyeza nyingine, kontena lililoning'inia ndoanoni likaachia na kuanguka juu ya lori. Lilianguka bila kishindo kikubwa, lakini yeye lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Yeye, kuangusha mzigo.

"Miwani yangu sijui nimeiweka wapi," alisema.

"Umeivaa, Bibi," alisema Nesi.

Bibi akasimama, magoti yakilia. Aliwaambia kwamba ile ni mashine ya makarani, si ya watu wa kazi, na kwamba ameshaamua. Itoke. Fundi hakubisha. Alipiga magoti akaanza kuchomoa nyaya moja moja, akizikunja vizuri, na kule kutobisha kwake ndiko kulikomchoma Bibi. Jioni yote alikula kama anayetafuna pamba. Kule yadini wanaume wakigombania zamu walikuwa wakija kwake awaamue, kwa sababu walijua hapendelei mtu. Na leo amempendelea nani? Amejipendelea mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Fundi alichomeka tena nyaya, akafungua ile gemu, apime kama kila kitu kizima kabla ya kuihamishia kompyuta chumbani. Akaona kibodi ina vumbi. Akang'oa vitufe vyote, akavitumbukiza kwenye bakuli la maji ya sabuni, akatoka kwenda kuomba brashi kwa jirani. Nesi alikuwa uani anafua sare zake.

Bibi alipita akielekea jikoni, na akasimama.

Kibodi ilikuwa tupu. Herufi zote zilikuwa zimeondoka. Vilibaki vijiti vidogo vinavyofanana, safu kwa safu, kama meno ya kitana. Na hapo akaikumbuka winchi yake. Rangi na maandishi kwenye vishikio vyake vilifutika mwaka wa pili, na vijana wapya walipopanda kujifunza wakauliza kipi ni kipi, aliwaambia wafumbe macho waweke mkono, mkono utajua.

Kwenye kioo ile yadi ilikuwa bado inanyeshewa.

Aliketi. Akagusa kijiti kimoja, winchi ikaenda mbele. Akakirudia mara tatu ili mkono ukizoee. Akagusa cha chini yake, ikarudi. Cha kushoto, cha kulia. Vinne vile vilikaa pamoja kama mafiga na chungu chake. Akajaribu cha jirani yao, ndoano ikashuka; cha upande wa pili, ikapanda. Ala, kumbe. Akashika kipanya kwa mkono wa kulia, akakisukuma kidogo, na macho yake yakainama yakatazama chini ya kijumba, moja kwa moja kwenye paa la kontena.

Hicho ndicho kilichomfanya asahau jiko. Kwenye ya Nesi gari lilikwenda na yeye akafuata nyuma, na kila alipotaka kutazama alitazama pale mashine ilipotaka. Hapa mkono wake wa kulia ulikuwa shingo. Alitazama reli, akatazama lori, akarudi kwenye ndoano, kama alivyokuwa akijiegemeza kwenye kioo cha kijumba miaka yote ile. Akanyanyua kontena la bluu, akalilaza kwenye behewa la kwanza. Akanyanyua jekundu, akalilaza kwenye la pili, kona kwa kona.

Alipogeuka, Fundi alikuwa mlangoni na brashi mkononi, na nyuma yake Nesi, mikono ikichuruzika povu.

"Bibi," Nesi aliuliza, "unachezaje bila herufi?"

Jibu la mzaha lilikuwa tayari ulimini. Angesema herufi zilikuwa zinampigia kelele, wangecheka, na siri ingebaki mahali pake. Lakini alimwona Fundi, jinsi alivyokuwa akilitazama lile behewa la pili, na uso wake jinsi ulivyokuwa ukifunguka na kujizuia.

"Mke mwenzangu," alisema, "jana sikukuamua kwa haki. Mashine yako haina kosa. Mimi kusoma sijui."

Nesi alisema lakini mbona gazeti analishika kila asubuhi. Bibi akamwambia anatazama picha, na kwamba nchi hii ina wanaume wengi wenye suti mbaya. Hakuna aliyecheka haraka. Bibi alijikaza, akisubiri huruma, maana huruma ndiyo aliyoikimbia miaka yote hiyo.

Fundi hakumpa. Alisogea, akainama juu ya kibodi, akauliza swali la fundi kwa fundi mwenzake.

"Sasa umejuaje kipi ni cha kunyanyulia?"

"Nimejaribu kimoja kimoja. Wewe ulipoiunda, ulisoma?"

"Nilijaribu," alisema Fundi. "Mara mbili nilikaribia kuiunguza."

Hapo ndipo walipocheka. Bibi akatoa uamuzi wake upya, ameketi palepale, hajaachia kipanya. Alisema ya Nesi ni ya mtu aliyechoka: inakupokea, inakupa kiti, na ndani ya dakika tano mkono umeizoea. Ila kazi yake ni kuendesha tu, ndani hakukuhusu. Ya Fundi ina kiburi, inataka uisumbukie, na asiyejua herufi inamwaibisha mbele ya wajukuu. Lakini ukishaikabili inakuachia shingo yako.

"Kwa hiyo ipi itoke?" aliuliza Nesi.

Bibi alitazama sebule ukuta hadi ukuta, akashusha pumzi.

"Litoke kabati," alisema. "Na asiniulize mtu mara mbili, nisije nikaghairi."

Walilibeba siku hiyohiyo hadi chumbani kwake, glasi zikilialia ndani kama zinalalamika. Waliporudi, Bibi alikuwa ameliweka bakuli la vitufe mapajani. Alikuwa amekitoa kimoja, amekifuta kwa pindo la gauni, na alikuwa akikigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu anakaa wapi?" aliuliza.

Fundi akamwonyesha. Ndicho kijiti cha kwenda mbele, kile alichokuwa amekibonyeza tangu asubuhi.

"Na anaitwa nani?"

Fundi akamwambia. Bibi akalitamka jina lile kimyakimya, akamweka mahali pake, akamkandamiza mpaka akalia tiki. Kisha akazamisha mkono tena kwenye bakuli, akamtoa wa pili.