Mikanda ya Baba

Juzi nilifungua chupa ya siki, na harufu yake ikanirudisha Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, kwenye chumba ambamo baba alihifadhi mikanda ya filamu. Joto la ziwa lilikuwa limeanza kuiharibu, ikanuka hivyo hivyo.

Baba alipiga filamu kwa kamera ndogo aliyoachiwa na Mzungu mmoja. Tangu uhuru alikusanya harusi, wavuvi, watoto wakioga ziwani, na Jumapili alituonyesha ukutani.

Mwaka ule askari walipoanza kuwachukua watu majumbani, wasirudi tena, aliniita mchana, jiko la makaa likiwaka sakafuni.

“Macho yako iko mazuri,” aliniambia. “Angalia, useme nani iko ndani.”

Nikawa nainua mikanda dirishani. Yenye sura za watu aliichoma, askari wasije wakaiona na kuwatafuta. Yenye mawimbi na samaki aliiweka kando.

Kisha nikamwona mjomba, kaka yake mama, mwalimu waliyemchukua wiki iliyotangulia. Alikuwa akicheza siku ya uhuru, wenzake wamemzunguka. Hatukuwa na picha yake nyingine.

“Ni mitumbwi tu, baba,” nikasema.

Baba alinitazama, akauchukua mkanda, akaangalia mwenyewe. Hakunigombeza. Alimgeukia mama mlangoni, akamwambia, “Ni kaka yako.”

“Na wale wenzake?”

“Wako naye humo. Wote.”

Mama akaupokea, akauinua kwenye mwanga, akakaa nao kitambo. Halafu akainama, akautia motoni mwenyewe.