Vidonge Vyekundu na Chai ya Chumvi

Chai ya chumvi ya Bi Fazi ilijulikana kijiji kizima. Aliyachemsha majani na chembe ya magadi mpaka yakaiva hasa, akayachotachota kwa upawa, akatia maziwa ya ng'ombe wake, chumvi, na utando wa krimu juu. Ikatoka na rangi ya waridi, nzito, ya kushibisha. Homa ikiingia nyumbani, dawa ni chai. Msiba ukitokea, chai. Mume wake alipofariki na kumwachia mtoto mmoja, Shaukat, na kishamba cha zafarani kisichotosha hata kufugia kuku, wanawake walimkuta mbele ya samawari anawajazia wageni vikombe, macho makavu.

Alimlea yule mtoto kwa kuchuma maua ya zafarani ya wenye mashamba, na humo ndimo alimojifunza kutopunjwa. Wapimaji wa maua walimjua. Bi Fazi hapigwi changa la macho, walisema, na yeye akalivaa neno hilo kama joho la Idi. Sifa nzuri, lakini ina ubaya wake: mtu aliyezoea kuwakamata waongo huanza kuwaona hata mahali wasipokuwapo.

Masrat, mke wa Shaukat, Bi Fazi alimchagua mwenyewe. Alimwona kwenye harusi ng'ambo ya mto, msichana anacheka mdomo wazi bila kuziba kwa shela, akasema kimoyomoyo, huyu wangu. Na alimpenda. Hii ingekuwa hadithi ya mama mkwe mwenye roho mbaya, ingekuwa rahisi kuisimulia, tungemlaani tukalale. Bi Fazi alimpa mkaza mwana wake sehemu ya kukaa iliyo karibu na moto, na krimu ya juu kabisa ya chai.

Msimu wa kupukutisha jozi mitini ulipofika, Masrat alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nesi wa zahanati akamvuta Masrat kope la chini, akamtoboa kidole, akasema damu ndogo. Akampa vidonge vyekundu vya damu na vyeupe vikubwa vya kuimarisha mifupa. "Ameze vyote, asiache hata kimoja," alisema, akaita mwingine. Foleni ilikuwa ndefu, na wala hakusema vimezwe na nini wala lini.

Vile vyekundu vilimchafua Masrat tumbo. Akavimeza na chai ya asubuhi, vikamrudi. Akatafuta njia yake. Alasiri, tumbo likiwa jepesi, alikwenda nyuma ya nyumba penye miti ya matofaa, akameza kidonge chekundu kwa maji ya bomba, kisha akatafuna tofaa bichi, chachu la kukunjisha uso. Cheupe alikiweka mpaka wakati wa kulala. Hakufundishwa na mtu, tumbo lake ndilo lililomwelekeza. Waliporudi zahanati, damu ilikuwa imepanda kidogo, na Bi Fazi akawagawia majirani mikate ya ufuta.

Kisha baridi ikaanza, na watu wakaanza kutembea na vyungu vya makaa ndani ya majoho kujipasha joto. Asubuhi moja Bi Fazi alikuwa anamwaga majivu ya chungu cha Masrat, akaona kitu chekundu kimeyeyukia majivuni.

"Masrat! Hebu njoo. Hii nini?"

Masrat akashika mdomo. "Kilinirudi juzi, mama. Niliona aibu, nikakifukia."

"Kimoja?"

"Kimoja tu, wallahi."

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Kumbe huko nyuma ya nyumba kila alasiri unakwenda kuvitupa!"

"Nakwenda kuvimeza! Kwa maji. Na tofaa, linaniondolea kichefuchefu."

"Maji ya bomba, baridi hii? Na tofaa bichi? Mimba na baridi wapi na wapi? Unataka kumgandisha mjukuu wangu?"

Kuanzia kesho yake mambo yakawa mikononi mwa Bi Fazi. Kila asubuhi, chai ikishachemka, aliweka chekundu na cheupe pamoja kwenye kiganja cha Masrat, ili viishe kwa mara moja asipate nafasi ya hila, akamkabidhi bakuli la chai, lile la krimu. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi."

Mwanzoni Masrat alicheka. "Mama, hata askari wa kizuizini hawapekui hivi!"

"Askari wanadanganywa. Mimi sidanganywi."

Vikashuka na chai, kila asubuhi, mbele ya macho yake. Kwenda zahanati tena, damu imeshuka, imepita chini hata ya pale ilipoanzia. Nesi alikuwa amechoka. Alimtazama Masrat, akamtazama Bi Fazi, akasema, "Hawamezi hawa. Wote wanatupa."

Walipofika nyumbani Bi Fazi alikung'uta magodoro, akageuza mito, akachungulia nyuma ya masanduku.

"Unavificha wapi? Shavuni? Unavitapika?"

"Mama, si unaniona nikimeza!"

"Nakuona ukitia mdomoni. Baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye."

Masrat akalia. Na katika kulia kwake akasema neno ambalo mke wa mtu hamwambii mama mkwe wake. "Choo changu cheusi kama masizi, mama. Kila siku, tangu nianze kumeza. Njoo ukaangalie basi, kama huamini!"

"Toba! Mtoto wa watu, umekosa haya hata!" Bi Fazi akacheka, cheko la hasira, na jioni akamsimulia jirani, wakacheka wote. Kesho yake alimpeleka Masrat kwao, kwa mama yake, Mahtab. "Mkwe, mwanao ananidanganya. Mfunde, kabla hajaniulia mjukuu."

Masrat alirudi baada ya siku chache. Hakubishana tena. Kila asubuhi alipokea vidonge vyake, akavimeza na chai, akafungua mdomo na kuinua ulimi bila kuambiwa. Bi Fazi akaona kweli amefundwa. Rangi ya midomo ya Masrat ilikuwa inakwisha, akipanda ngazi alipumzika katikati, na Bi Fazi, kwa huruma, alimwongezea bakuli la pili.

Alijifungua katikati ya baridi kuu, theluji imefika madirishani. Shaukat na vijana wa mtaa walimbeba juu ya kitanda mpaka barabarani, gari likapatikana, hospitali wakafika. Mtoto wa kike akatoka analia. Damu ikamfuata, haikukata. Daktari alitoka na kumwambia Shaukat kwamba wanawake wengi hupoteza kiasi kile na wakapona. Huyu hakuwa na akiba ya damu. Masrat alikuwa amekwisha kufa.

Msibani wanawake walijaa vyumba viwili. Bi Fazi, safari hii, alilia hadi sauti ikamkauka, na kilio chake kilikuwa na maneno. "Nilimwambia! Nilimwambia ameze! Angemeza tu!" Mahtab alikuwa amekaa ukutani, kajifunika uso, akitikisa kichwa kukubali. Waliokuwapo walilichukua neno hilo, wakaenda nalo makwao. Hivyo ndivyo Masrat alivyozikwa, na jina la mwongo juu yake.

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Bi Fazi alimpata mjukuu kwanza, akamnywesha maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, akamvisha, akamwimbia. Majuto yalikuwa bado njiani.

Yalifika barafu ilipoanza kuyeyuka. Alipatwa na kizunguzungu zizini, akaenda zahanati. Nesi alikuwa mwingine sasa, binti wa mjini aliyeitwa Parvina, mwenye maneno mengi. Akamvuta kope, akatikisa kichwa, akatoa vile vile vidonge vyekundu na vyeupe.

"Mama, nisikilize vizuri. Hivi na hivi havilali kitanda kimoja. Chekundu mchana, tumbo likiwa tupu, kwa maji. Cheupe usiku, baada ya kula. Ukivimeza pamoja vinazuiana. Na chekundu usimeze na chai ya chumvi. Iache chai kwanza, unywe baadaye."

"Chai ina nini?"

"Chai inaishika dawa, haiachi mwili uichukue. Maziwa nayo yanazuia, na magadi pia. Ukipata kitu kichachu, limau au tofaa, hicho ndicho kinaisaidia kuingia mwilini."

Bi Fazi aliangalia mikono yake. "Na mtu akimeza kila siku kwa chai? Kwa pamoja?"

"Atapata kidogo mno. Nyingi inapita tu, inatoka."

"Inatokaje?"

Parvina akacheka. "Inatokaje tena, mama! Choo kinakuwa cheusi. Ukikiona cheusi, ujue mtu anameza kweli."

Bi Fazi alishuka kwenye benchi akaketi sakafuni. Parvina alidhani ni kizunguzungu, akamletea maji.

Hakumwambia Shaukat siku ile. Usingizi ulimkataa, chakula kilimkataa, na alipomtazama mtoto alimwona Masrat anafungua mdomo, anainua ulimi. Angeweza kunyamaza. Nesi yule wa zamani alikwisha hamishwa, jirani alikwisha sahau, na wafu hawadai. Lakini mwanamke huyu, hata tumlaumu vipi, hakuwahi kumpunja mtu. Siku ya Ijumaa alimfunga mtoto mgongoni akavuka mto.

Mahtab alikuwa anapepeta mchele barazani. Alimpokea mtoto, akambusu, akamwonesha mgeni pa kukaa. Bi Fazi hakukaa. Alisimama pale mlangoni na viatu vyake.

"Mkwe, mwanao alikuwa anameza."

Mahtab akainua macho.

"Alimeza vyote. Chai yangu ndiyo iliyovizuia, mimi ndiye niliyemlazimisha. Ile njia yake ya maji na tofaa ndiyo iliyokuwa sawa, nikamkataza. Nilimwita mwongo mbele ya watu msibani, na mbele ya watu hao hao nitakwenda kusema, nyumba kwa nyumba. Lakini nimeanza kwako. Nitukane, mkwe. Nipige. Sitainua mkono."

Mahtab hakumtukana. Alimkumbatia mtoto.

"Ulipomleta kwangu," Mahtab akasema, "nilimtolea msahafu. Nikamwambia, shika uape. Akaenda kutawadha, akaja, akaushika kwa mikono miwili. Akaapa anameza."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, haya, sasa unamdanganya hata Mungu."