Kifungo Kimoja, Nauli ya Behewa Zima

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akigombana na kifungo, basi hukupita kwenye kibanda cha Bi Pindo mwaka ule koti la baba yake lilipopoteza cha tatu kutoka juu.

Bi Pindo ni fundi cherehani. Jina amepewa na wateja, maana ukimpelekea suruali ya kupunguza hakupimi kwa futi. Anakutazama mara moja toka kiunoni hadi kisiginoni, anakunja pindo, na hakosei. Kibanda chake kina cherehani ya kukanyaga, pasi, kioo chenye ufa unaomfanya kila mteja aonekane mwembamba (ufa huo hauuzwi), na makopo ya vifungo hadi darini. Makopo hayo ndiyo ugonjwa wake. Wenzake wakipata visenti wananunua vyombo. Yeye ananunua vifungo vya zamani, vya shaba, vya pembe, vya mfupa, vilivyotoka kwenye makoti ya marehemu wasiomhusu ndewe wala sikio. Mumewe, dereva wa lori, alishasalimu amri. Husema kuna wanaume wameoa wake wenye maneno, yeye kaoa mwenye vifungo, na anashukuru.

Lakini katika makopo yote hayo, kifungo alichokitaka baba yake hakikuwamo.

Mzee huyo alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni kwa miaka thelathini na mmoja. Mtaa mzima unamwita Onyesha, kwa kuwa neno hilo alilisema mara nyingi kuliko salamu. Koti lake la kazi lina vifungo sita vya shaba, kila kimoja kimechorwa gurudumu lenye mabawa. Sasa wastaafu wa reli walipanga kukutana baada ya wiki sita, wapigwe picha moja kubwa itakayotundikwa ukutani stesheni. Walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na kwa jinsi kifua cha Onyesha kilivyokuwa kikikohoa, picha ya pili asingeifikia, na alilijua hilo. Koti likatolewa sandukuni. Likahesabiwa vifungo. Vitano.

Bi Pindo akasema atahamisha cha chini akipandishe juu.

"Na chini nifunge kwa mate?" mzee akauliza.

Akasema basi atang'oa vyote, aweke vyeusi vya kawaida. Mzee akajibu kwamba afadhali avae pajama, maana pajama haijifanyi koti.

Kiini cha ukaidi huo kilikuwa hiki: enzi zake Onyesha aliwahi kumrudisha nyumbani mshika breki mmoja kwa kukosa kifungo kimoja tu, naye akakatwa mshahara wa siku. Mshika breki huyo yu hai, meno yote anayo, na pichani atakuwepo. "Siendi," mzee akasema. "Waache pengo ukutani, mimi silipeleki pengo kifuani." Akageukia ukuta, na kwa siku mbili uji wake ulirudi kama ulivyokwenda.

Ndipo Bi Pindo akaingia kwenye minada ya mtandaoni, simu kaiegemeza kwenye kopo, mguu uko kwenye kanyagio. Siku ya tisa akakiona. Gurudumu lilelile, mabawa yaleyale. Muuzaji alijiita Hazina ya Kale, na bei ya kuanzia ilikuwa ya kikombe cha chai. Mtu mwingine aliyejiita Babu Vifungo akapandisha. Bi Pindo akapandisha. Wakapandishana hivyo, mteja mmoja kasimama na suruali mkononi anasubiri zipu, mpaka saa ya mnada ikaisha na Bi Pindo akashinda kwa bei ya vikombe vinne. Alicheka peke yake mpaka mteja akaangalia kama suruali yake imechanika.

Kicheko kilikatika alipofika mahali pa kulipia. Kusafirisha, kufungasha, kushughulikia na bima: jumla yake ingeshona sare za watoto wanane na kitambaa kikabaki. Kwa kifungo. Alisoma tena akidhani ameongeza sifuri kwa macho. Sifuri zilikuwa zao wenyewe.

Bi Pindo hakulia. Alivitwaa vifungo vitano vya koti, akaenda kwa jirani muuza viungo, akavipima kwenye mizani ya iliki. Kisha akaketi akamwandikia muuzaji, tena kwa hasira ya fundi, yaani hasira yenye vipimo:

"Kifungo chako ni chepesi kuliko punje hamsini za iliki. Kichukue, kishone kwenye kipande cha kadi, nyuzi nne, kisicheze. Tia kwenye bahasha, bandika stempu moja. Sisi mafundi ndivyo tunavyotumiana sampuli. Baba yangu amekagua tiketi miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kumtoza abiria mmoja nauli ya behewa zima. Wewe kifungo changu unakisafirisha na nani, na wapambe?"

Akabonyeza kutuma. Kosa lake ni kwamba alidhani anaandika barua ya siri. Kumbe ameandika pale chini ya picha ya kifungo, mahali pa maswali, ambapo yeyote anayepita anasoma. Na watu walipita. Mmoja akaeleza alivyotozwa nauli ya kabati kwa kijiko. Mwingine alilipia bima ya stempu ambayo yenyewe haikufika. Kufika mchana wa pili kulikuwa na kilio cha pamoja.

Muuzaji akajibu kwa ufupi kwamba bei ni moja, kifungo au kabati, kisha akaifuta biashara yote na kumwandika Bi Pindo "mnunuzi msumbufu." Kifungo kikaenda zake.

Siku hiyo Bi Pindo alishona mikono ya blauzi kinyume, jambo ambalo halijawahi kutokea. Zimebaki wiki tatu, na ni yeye, kwa mdomo wake, aliyekipoteza. Laiti angelipa akanyamaza.

Asubuhi iliyofuata akakuta ujumbe wa Babu Vifungo, yule aliyeshindwa mnadani.

"Mama Fundi," aliandika, "nilikitaka kile kwa sababu ninavyo saba, na saba inanikera, nilitaka vinane. Nimeona kwamba nikikupa kimoja nabaki na sita, na sita nayo ni namba nzuri. Anwani yako tafadhali. Stempu nitalipa mimi, haitanizidi nguvu."

Bi Pindo alisoma, akasimamisha cherehani, akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

Bahasha ilifika siku nne kabla ya picha. Ndani, kadi, na juu ya kadi kifungo kimeshonwa nyuzi nne kama alivyoagiza, lakini kimeshonwa vibaya, jamani, kwa mafundo kama nyuma ya redio mbovu. Mwanafunzi wake angeshona hivyo angemfukuza. Ule uzi aliufumua polepole, hakukata hata kipande, na ndio huohuo alioutumia kukishona kifungo kwenye koti.

Picha ikapigwa. Mshika breki alimkagua Onyesha kuanzia kolani, akahesabu vifungo kwa kidole, kimoja baada ya kingine, akafika sita, akaenda kusimama mahali pake.

Nakala moja walimtumia Babu Vifungo. Kabla bahasha haijafungwa mzee alimzuia binti yake, akachakura droo, akatoa tiketi moja ya zamani ya daraja la kwanza na ile koleo yake ya kutobolea. Akaitoboa, akaitia bahashani pamoja na picha.

"Mwandikie," akasema, "abiria huyu nimemkagua. Hana deni popote."

Kisha akaipima bahasha kiganjani, akaitazama stempu moja pembeni, akaridhika.