Siku Niliyomwacha Tata Chumbani kwa Daktari

Tulitoka nyumbani kutafuta karatasi moja. Tata, ndivyo sisi Wagusii tunavyomwita baba, alikuwa mchuma chai hodari kijijini kwetu, juu ya Nyamira, mpaka kiharusi kikampoozesha upande wa kulia. Mkono hauchumi tena, mguu anauburuta. Chifu alitueleza kwamba msaada wa serikali hauombwi hivi hivi. Lazima kwanza daktari ampime, aandike ulemavu wake ni wa kiasi gani. Akiandika mdogo, ombi limekufa hapo hapo.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tayari. Tata alitoka amevaa koti la kanisani na tai.

"Tata, tunaenda hospitali, si harusi!" nikamtania.

"Serikali ni mgeni," akajibu. "Mgeni haonyeshwi matambara."

Tuliteremka kwa pikipiki, Tata katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Chai ilikuwa inang'aa kwa umande, nami nikawa naota saluni yangu ya Kisii mjini, yenye kioo kikubwa, Tata amekaa mlangoni akiwasalimu wateja. Mimi ndiye niliyechaguliwa kumsindikiza, maana nilimaliza darasa la nane na Kiswahili nakiweza. Yeye anakisikia tu, kukijibu ni kazi.

Saa tatu tulifika hospitalini. Kwenye benchi tulikaa karibu na Mzee Nyangau, aliyemleta mkewe asiyeona. Haikuchukua muda yeye na Tata wakagundua kwamba walitahiriwa mwaka mmoja. Basi! Wakaanza kucheka na kutukanana kirafiki kama watu waliokua boma moja.

Saa tano tuliitwa. Daktari alikuwa dada mpole, mtu wa mbali, asiyejua lugha yetu ya Ekegusii.

"Mzee anaoga mwenyewe?"

Nikatafsiri. Tata akaangalia ukuta. "Naoga."

"Anavaa mwenyewe?"

"Navaa."

Nikajua si kweli. Mama ndiye humwogesha na kumvalisha, mlango umefungwa, sisi watoto tukiwa mbali. Kwetu kuna heshima kati ya mzazi na mtoto inayoitwa chinsoni: mambo ya mwili wa baba, binti hayasikii wala hayataji. Daktari alipouliza habari ya choo, sikuthubutu kulitafsiri swali lile. Kalamu yake ilikuwa inakimbia: anaweza, anaweza. Nikisema Tata anadanganya, ni kama nimemvua nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, msaada umeenda.

Ndipo nikaona kwamba shida ni mimi.

"Daktari, samahani, usiandike kwanza. Mimi ni mtoto wake. Nikiwa hapa hawezi kukuambia."

Akainua kalamu. "Sasa nani atatafsiri?"

Nikakimbia mpaka kwenye benchi, kwa Mzee Nyangau, maana nilimsikia asubuhi akiongea Kiswahili na nesi. Aliponisikiliza, alicheka mpaka fimbo ikamwanguka.

"Yaani ulitaka babako akuhesabie vifungo vya suruali? Kaa na mama yako huyu, niache mimi na mwenzangu!"

Lakini mkewe akanisukuma kwa upole. "Mimi siibiwi, mwanangu. Nenda mbali kabisa."

Nikaenda mpaka langoni, nisisikie hata kikohozi. Nilisimama pale nikiangalia watu wakinunua ndizi.

Baada ya nusu saa hivi Tata alitoka ameshikwa mkono na Mzee Nyangau, kichwa juu, tai imenyooka. Daktari akanipa fomu yenye mhuri. Nikasoma neno moja tu: mkubwa. Siku hiyo hiyo tukaipeleka ofisi ya ustawi wa jamii, ikapokelewa. Sasa tunangoja jibu.

Saa tisa tukaanza kupanda kurudi. Njiani Tata akaniuliza, "Muda ule wote ulikuwa wapi?"

"Langoni, naangalia watu."

"Wewe ni mtoto mzuri," akasema.

Nilikuwa nadhani kumsaidia mzazi ni kushikamana naye kila mahali. Ndugu msomaji, ukimpeleka wako kupimwa, mtafutie mtu wa rika lake, halafu wewe utoke.

Tulipofika, Mama alinikimbilia kabla sijashuka. "Alimwambia nini daktari?"

"Sijui," nikasema. Na sijawahi kujivunia kutojua kitu kama nilivyojivunia jioni ile.