Kikombe cha Mama Mwanzia

Majirani wa Uthiru waliweka vyuma madukani, wakawa wanauza mkate kupitia tundu. Wamucii alikataa katakata. Alisema yeye si mfungwa na wateja si kuku. Duka alilifungua na mumewe Kinyanjui mwaka wa sitini na tisa, na tangu siku hiyo mteja aliingia ndani, akakaa kwenye benchi, akatiliwa chai ndipo akaulizwa anataka nini. Mwenye haraka aende kwingine. Hata majambazi waliompasua Kinyanjui kichwa kwa rungu mlangoni pale hawakumbadilisha. Alimzika, akasugua damu sakafuni kwa sabuni ya kipande, akafungua duka wiki iliyofuata.

Mtu wake wa benchi alikuwa Mama Mwanzia, fundi wa nguo wa mlango wa pili. Kikombe chake cha bati, cha bluu, kilitundikwa msumarini peke yake, na ole wako ukikigusa.

Jumamosi moja ya mwaka 2001 duka lilijaa watu. Thuo, mshona viatu, akaingia mbio na jagi, akamwita kwa jina la bibi kama walivyozoea vijana wa mtaa.

"Shosho, nijazie mafuta ya taa. Haraka!"

Wamucii akapiga pampu ya mafuta iliyosimama pembeni mwa duka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakumwambia mtu akae. Hakuuliza mafuta ni ya nini. Chai ilikuwa bado haijachemka sawasawa aliposikia harufu ya tairi linaloungua, halafu mayowe.

Aliyechomwa alikuwa Mwanzia, umri wa miaka kumi na tisa, eti ameiba simu. Wamucii alipofika, mikono ya kijana ilikuwa imejikunja kifuani na bado alikuwa anapumua. Simu ilipatikana jioni hiyo chini ya kochi la mwenye simu.

"Mafuta yalitoka kwako," Mama Mwanzia alisema. Hakukanyaga tena dukani. Miaka mitano Wamucii aliisikia cherehani yake ikinguruma nyuma ya ukuta, na kila iliponyamaza alitazama mlango kama mjinga. Watu nao, bila aibu, waliendelea kumwita yule mama kwa jina la mtoto waliyemchoma.

Machi 2006 mwizi aliingia na panga, akaondoka na redio na vidole viwili vya Wamucii, vya mkono wa kushoto. Juni watu wakamkamata kwenye steji ya matatu. Walimburuta hadi dukani, jicho limefumba, sikio linaning'inia. Thuo alikuwa mbele, na mtungi.

"Shosho, ni huyu?"

Wamucii alimtazama mwizi. Alimchukia hadi mkono ukamwuma mahali ambapo hapakuwa na kidole.

"Ni yeye."

Umati ukanguruma. "Basi leta mafuta!"

"Kaeni kwanza. Nawatilia chai."

Mmoja akacheka. Thuo hakucheka. Wamucii akafunga pampu kwa kufuli, akautumbukiza ufunguo katika sufuria ya chai iliyokuwa inachemka.

"Leo nauliza, Thuo. Mafuta ni ya nini? Ile siku sikuuliza."

"Toka hapo, mathe. Huyu amekukata!"

"Amenikata mimi, si wewe. Hapa hamtoi mafuta."

Wakaanza kuipiga pampu kwa mawe. Wamucii akaikumbatia kwa mikono yote miwili, miaka sabini na ukaidi wake wote. Thuo akamshindilia mtungi mdomoni. Meno mawili yakaenda. Mwingine akampiga teke la mbavu, Wamucii akasikia kitu kikivunjika ndani yake, lakini hakuachia. Mateke yakaongezeka. Aliogopa kufa, na aliogopa zaidi kuachia.

Cherehani ya jirani ilinyamaza.

Mama Mwanzia aliingia na mkasi wake mkubwa mkononi. Hakuuinua. Alisimama katikati ya Thuo na pampu.

"Wangu ulimchoma," alisema. "Huyu mama naye unamuua mbele yangu? Anza na mimi."

Thuo alirudi nyuma hatua moja. Mtungi ukamponyoka. Waliokuwa nyuma ndio waliotangulia kuondoka, mmoja mmoja, kila mtu akijifanya alikuwa anapita tu. Polisi walipokuja kumchukua mwizi, walimkuta amejikunja chini ya benchi, analia.

Wamucii alibaki sakafuni, mgongo kwenye pampu, damu ikimtiririka kidevuni. Mama Mwanzia akanyoosha mkono, akakishusha kikombe cha bluu msumarini. Akapitisha kidole ndani kutafuta vumbi la miaka mitano. Hakulipata. Bati lilikuwa safi, na ukingoni rangi ilikuwa imeliwa kwa kuoshwa kila jioni.

Wamucii alijaribu kujiinua aifikie sufuria.

"Usiinuke," Mama Mwanzia alisema. "Leo natilia mimi."